Aliyejua ameshafariki: Funzo kutoka chombo cha Voyager

BAADA ya darsa la Magharibi kijana mmoja alinifuata barazani, simu mkononi. Alikuwa amesoma habari za chombo cha anga cha Wamarekani kiitwacho Voyager 1, na swali lake lilikuwa kali. "Ustadh," aliniambia, "watu wanalala na njaa, hawa wanahangaika na chuma chakavu cha mwaka 1977. Hii si israfu?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe muda nisome kwanza, kwani kutoa hukumu juu ya jambo usilolijua nako kuna hesabu yake. Nimesoma, na leo namjibu humu gazetini, maana naamini wenye swali kama lake ni wengi.

Ndugu msomaji, vyombo vyenyewe ni viwili. Voyager 2 kilirushwa tarehe 20 Agosti 1977, na Voyager 1 kikafuata tarehe 5 Septemba mwaka huo huo, vyote kutoka Cape Canaveral, Florida. Vilipita karibu na Mshtarii na Zohali, kisha Voyager 2 peke yake kikaendelea hadi Uranusi mwaka 1986 na Neptuni mwaka 1989. Hapo kazi ya sayari ikaisha. Lakini havikuzimwa. Mwaka 2012 Voyager 1 kilitoka nje ya eneo linalotawaliwa na upepo wa jua, na mwenzake akafuata mwaka 2018. Hakuna kitu kingine kilichotengenezwa na mkono wa binadamu kilichofika huko kikiwa bado kinazungumza.

Kinazungumzaje? Hapa ndipo niliposhangaa zaidi. Redio yake hutoa nguvu ya wati 23 tu, yaani haifikii hata balbu ya wati 40 tuliyokuwa tukiwasha vyumbani zamani. Mawimbi yakifika duniani yamedhoofika kiasi ambacho ulimi unashindwa kukisema: chukua wati moja, igawe mara bilioni, kisha kipande kimoja ukigawe tena mara bilioni. Kinachopokelewa ni pungufu ya hapo. Kuyanasa kunahitajika madishi makubwa sana, makubwa kuliko yote yakiwa na upana wa mita 70, yaliyowekwa California, Hispania na Australia, ili dunia inavyozunguka kuwe na dishi moja linalotazama upande ule.

Na kusubiri! Mwaka 2024 Voyager 1 kilikuwa umbali wa kilomita zaidi ya bilioni 24. Mawimbi ya redio, ambayo huenda kwa kasi ya mwanga, yalihitaji saa 22 na nusu kufika, na saa nyingine kama hizo kurudi. Maana yake ni kwamba ukituma amri Ijumaa saa nane mchana, watu wakiwa ndiyo kwanza wanatoka kuswali, jibu utalipata Jumapili saa tano asubuhi. Sisi ujumbe wa simu usipojibiwa kwa dakika tano tunaanza kumdhania mtu vibaya.

Tarehe 14 Novemba 2023 chombo hicho kilianza kutuma mambo yasiyoeleweka. Mawimbi yalikuwepo, maneno hakuna, mfano wa mgonjwa wa kiharusi anayefungua kinywa, sauti ikatoka, lakini wanawe hawaelewi anataka nini. Wahandisi wa maabara ya JPL, huko Pasadena, California, walihangaika miezi kadhaa. Mwezi Machi 2024 walituma amri ya kuichokoza kompyuta yake, nayo ikarudisha nakala ya kumbukumbu yake yote. Walipoilinganisha na ile ya zamani wakaona kwamba asilimia 3 hivi ya kumbukumbu imeharibika, na chanzo kilielekea kuwa chipu moja iliyokufa.

Huwezi kumtuma fundi huko akabadilishe chipu. Walichofanya ni kuichukua programu iliyokuwa katika sehemu iliyokufa, kuikatakata, na kuvipachika vipande penye nafasi katika kumbukumbu iliyobaki, kwa kuwa hapakuwa na nafasi moja ya kuitosha yote. Kisha ilibidi kila panapotajwa mahali pa zamani pasahihishwe. Kipande cha kwanza kilitumwa tarehe 18 Aprili 2024, wiki moja na ushei baada ya Idd el Fitri. Tarehe 20 chombo kikajibu kwa maneno yanayoeleweka.

Wengi wa waliotengeneza fani hiyo ya miaka ya 1970 wamestaafu au wameshafariki. Walio kazini leo, baadhi yao hawakuwa wamezaliwa chombo kilipoondoka. Walichokuwa nacho mkononi ni makaratasi: michoro na maelezo ya miongo kadhaa iliyopita, yaliyoandikwa na watu ambao hawakuwaza kabisa kwamba tatizo la namna hii lingetokea. Waliandika hata hivyo, na wengine wakayahifadhi.

Hapa naomba nitoke anga za juu nirudi uani kwetu. Miaka michache iliyopita bomba la maji ya udhu katika msikiti ninaoswali lilipasuka mahali chini ya ardhi. Mzee aliyelilaza alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Allah amrehemu. Hakuna aliyejua bomba limepita wapi. Tulichimba ua mzima, tukavunja na sakafu ya chumba cha maiti, tukalikuta upande ambao hatukuudhania. Watu walitawadha kwa ndoo karibu mwezi mzima. Mchoro wa nusu ukurasa ungetosha. Na hilo ni bomba tu. Sijagusa hati za viwanja vya wakfu, ambazo aghalabu tunaanza kuzitafuta siku tunapofikishwa mahakamani.

Turudi kwa Voyager. Dishi la chombo lazima lielekee duniani wakati wote, la sivyo hakuna mazungumzo. Kwa kazi hiyo kina jicho la kuangalia jua, na jicho jingine lililotengenezwa kwa ajili ya nyota ya Canopus, ile ile Suheli ambayo manahodha wa pwani yetu waliifuata kwenda kusini. Kikipotoka, injini ndogo za gesi hukirekebisha. Mwezi Julai 2023 amri iliyokosewa iligeuza dishi la Voyager 2 kwa nyuzi 2 tu, na mawasiliano yakakatika kwa takriban wiki mbili hadi kilipopigiwa "ukelele" kutoka dishi la Canberra, Australia.

Voyager 1 nacho kilikuwa na seti ya injini hizo iliyohesabiwa kuwa imekufa tangu mwaka 2004, baada ya hita zake mbili kukosa umeme. Kwa miaka 20 kilitegemea seti ya akiba, ambayo mirija yake ikawa inaziba. Mwaka 2025 wahandisi wakajiuliza: je, waliotangulia walipata jibu sahihi? Huenda hita hazikuungua, bali swichi tu iligeuka. Kujaribu kulikuwa na hatari, kwani injini zikijiwasha zenyewe kabla hita hazijapata moto, mlipuko mdogo ungeweza kutokea. Walijaribu wakangoja. Tarehe 20 Machi 2025 taarifa ilirudi kwamba hita zinapanda joto. Kuwaheshimu waliotangulia hakukuwazuia kuwakagua, na hili baadhi yetu linatuwia zito.

Hata hivyo chombo kina ajali yake. Umeme wake unatokana na joto la plutoniamu, nao hupungua kiasi cha wati 4 kila mwaka, kwa hiyo vifaa vinazimwa kimoja baada ya kingine. Februari 2025 kilizimwa kifaa cha Voyager 1 kinachopima miale ya angani. Edward Stone, aliyekuwa mkuu wa wanasayansi wa kazi hii tangu 1972 hadi 2022, alifariki tarehe 9 Juni 2024. Siku nne baadaye ilitangazwa kwamba vifaa vyote vinne vilivyokuwa vimebaki katika Voyager 1 vimerudi kazini.

Sasa, kijana wangu, ni israfu? Ungeniuliza juu ya kurusha kipya, tungebishana hadi Isha. Lakini kilichokwisha kulipiwa, kinachofanya kazi ambayo hakuna kingine cha kuifanya, kukiacha kife kwa sababu ya uvivu wa kusoma makaratasi ndiyo israfu ninayoifahamu mimi.

Njoo Jumamosi kabla ya Magharibi, na uje na daftari. Mzee aliyefunga nyaya za umeme za msikiti bado yuko hai. Nimeshazungumza naye, amekubali, ila anasema macho yamepungua, kwa hiyo yeye ataonesha na wewe utachora.