UMETOKA KAMBINI PWANI? HESABU SIKU 30

Je, likizo hii shule yenu, klabu yenu au kwaya yenu inapanga kwenda kupiga kambi pwani? Kama jibu ni ndiyo, somo hili ni lako. Lisome kabla hujafunga begi, halafu lihifadhi, maana utalihitaji zaidi ukisharudi.

Kupiga kambi ufukweni kunapendwa sehemu nyingi za dunia. Kule Ulaya familia hukokota karavani, yaani nyumba ndogo yenye magurudumu, hadi kwenye kiwanja cha kambi kando ya bahari, na kukaa hapo wiki nzima. Kwetu Afrika Mashariki kambi za namna hiyo zipo pia, kuanzia Tiwi kule Kenya hadi Kigombe, Ushongo na Kigamboni hapa Tanzania. Unalipia nafasi ya kusimamisha hema au kulala kwenye banda la makuti. Choo na bafu ni vya pamoja. Asubuhi ukifungua zipu ya hema, bahari hiyo hapo mbele yako. Raha iliyoje!

Hatukuambii usiende. Nenda! Ila ujue kwamba kijana wa Kwa Mrombo anayesafiri zaidi ya kilomita 400 kwenda Tanga na Pangani anakutana na hatari mbili ambazo nyumbani hakuzizoea. Ya kwanza inaisha ukitoka kwenye maji. Ya pili unaweza kupanda nayo basi na kurudi nayo mpaka nyumbani.

Hatari unayoiona

Hatari ya kwanza ni bahari yenyewe. Wengi wetu tuliokulia chini ya Mlima Meru hatujui kuogelea, na hilo si aibu. Aibu ni kujifanya unajua kwa sababu wenzako wanakutazama.

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu huweza kupita mita 3. Hicho ni kina kinachomfunika mtu mrefu kabisa. Maji yakipwa unaweza kutembea mbali sana juu ya mchanga ukiokota kombe, na yakianza kujaa yanaweza kupita nyuma yako na kukukatia njia. Kwa hiyo mkifika tu, muulizeni mvuvi au mlinzi wa kambi: "Shikamoo mzee, leo maji yanajaa saa ngapi?" Ingieni majini wawili wawili, pasipozidi kiuno, na mwalimu akiwaona. Vaa viatu, maana kwenye mawe kuna viumbe vyenye miiba mirefu kama sindano.

Ukitoka majini, jipanguse, kula samaki wako. Hatari hiyo kwa leo imekwisha.

Hatari usiyoiona

Hatari ya pili ni malaria. Najua unachotaka kusema: "Malaria? Tumesoma tangu darasa la tatu!" Sawa, umesoma. Lakini je, unajua kwa nini malaria ya pwani ni noma zaidi kwako wewe kuliko kwa kijana wa Kigombe mwenyewe?

Sababu ya kwanza ni baridi. Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Vijidudu vya malaria vikiingia ndani ya mbu jike aina ya anofelesi vinahitaji joto ili vikue. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi, vile vya aina hatari zaidi, falsiparamu, haviwezi kukomaa. Kwenye joto la pwani hukomaa ndani ya wiki mbili au chini ya hapo, wakati mbu bado yu hai na anatafuta damu. Ndiyo maana Mkoa wa Arusha ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Mbu wengi wanaokupigia kelele Kwa Mrombo ni wale wa mitaroni na kwenye maji machafu. Wanaudhi kweli, lakini si wao wanaoleta malaria.

Sasa geukia Kigombe, iliyoko wilaya ya Muheza. Katika wilaya hiyohiyo ndiko iliko Amani, ambako wataalamu wamechunguza mbu na malaria kwa miongo mingi. Hawakuufuata ugonjwa mbali, ulikuwa mlangoni kwao. Tena likizo ya Juni huja mara tu baada ya mvua za masika, wakati madimbwi yamezalisha mbu wa kutosha.

Sababu ya pili ni mwili wako. Mtu anayeumwa na mbu wenye malaria tangu utotoni hujenga kinga kiasi. Haimzuii kabisa kuugua, lakini mara nyingi akiugua hazidiwi upesi. Wewe uliyekulia Arusha huna kinga hiyo. Hata kama ulizaliwa Tanga ukahamia Arusha miaka mingi iliyopita, kinga yako imepungua. Mbu mmoja anaweza kuwauma wewe na mwenyeji wako usiku uleule. Mwenyeji akaumwa kichwa tu, wewe ukalazwa hospitali.

Siku zinavyokwenda

Hapa ndipo penye somo lenyewe, kwa hiyo chukua kalenda.

Tuseme mmefika kambini tarehe 10 Juni na kuondoka tarehe 15. Usiku wa tarehe 12 mbu anakuuma. Ndani ya muda mfupi vijidudu vinaingia kwenye ini lako, na humo vinazaliana karibu wiki nzima. Wewe husikii chochote. Unacheza mpira wa ufukweni na kupiga picha.

Tarehe 15 unashuka stendi ya Arusha ukiwa mzima, mweusi kwa jua, na begi limejaa nazi. Karibu tarehe 19 vijidudu vinatoka kwenye ini na kushambulia chembe nyekundu za damu. Tarehe 22 au 24 unaanza kusikia baridi, kichwa kinagonga, viungo vinauma, chakula hakipandi.

Nyumbani watasema nini? "Ni uchovu wa safari." "Ni mafua ya baridi hii ya Juni." Jirani atasema taifodi. Mwenye duka la dawa atakuuzia Panadol na vidonge vya rangi mbili. Na wote watakubaliana jambo moja: "Huku kwetu hakuna malaria." Ni kweli, huku hakuna sana. Lakini wewe ulikuwa kule!

Homa huweza kupanda na kushuka, hivyo asubuhi unaamka na nafuu ukadhani imepita. Usidanganyike. Malaria ya falsiparamu isipotibiwa ndani ya saa 24 tangu homa ianze inaweza kuwa kali na hata kuua.

Kwa kawaida homa ya malaria hujitokeza kati ya siku ya 7 na ya 30 baada ya kuumwa na mbu. Kwa hiyo safari yenu haikuisha tarehe 15 Juni. Kiafya inaisha tarehe 15 Julai, wakati pengine umesharudi bwenini na unafanya majaribio. Weka alama kwenye kalenda, na mwambie mama, mlezi au matroni maana ya alama hiyo.

Kambini fanya hivi

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya kambini si ghali.

Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, pamoja na ule wa mwisho ambao wengi hukesha wakipiga stori. Kama mnalala bandani, chukua kamba na misumari michache ya kutundikia. Chomeka chandarua chini ya godoro na usilale ukiegemea wavu. Vyandarua havitoki mbali: kiwanda cha A to Z hapa hapa Arusha kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua ambavyo dawa yake imo ndani ya nyuzi zenyewe, kwa utaalamu wa kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani.

Kama mnalala kwenye hema, funga zipu kabla jua halijazama. Kagua wavu wa dirisha. Tundu la kupitisha penseli latosha kumpitisha mbu, libandike plasta. Kabla ya kulala piga tochi ndani ya hema, na ukimkuta mbu, muue.

Jioni kwenye moto wa kambi vaa suruali ndefu, soksi na shati la mikono mirefu, na sehemu zilizo wazi jipake dawa ya kufukuza mbu. Moshi wa moto peke yake hautoshi.

Mchana nako usijisahau. Kuna mbu wengine wanaouma mchana na kueneza dengue. Mwaka 2019 ugonjwa huo ulilipuka Dar es Salaam na Tanga. Ndiyo maana ukipata homa baada ya kutoka pwani usimeze aspirini wala diklofenaki kabla hujapimwa, kwani katika dengue dawa hizo zinaweza kuongeza kutoka damu.

Ukirudi nyumbani

Ukipata homa ndani ya zile siku 30, usisubiri kesho. Nenda zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo, na useme maneno haya:

"Shikamoo daktari. Nilikuwa kambini Pangani, nimerudi tarehe 15. Homa imeanza jana usiku. Naomba nipimwe malaria."

Sentensi hiyo fupi inaweza kuokoa maisha yako. Daktari wa Arusha anaona wagonjwa wengi wenye homa na wachache wenye malaria. Usipomwambia kwamba ulikuwa pwani, atajuaje? Kipimo cha haraka kinahitaji tone moja la damu ya kidoleni, na majibu hutoka baada ya dakika 15 hadi 20. Kama hakikuonyesha malaria na homa inaendelea, rudi upimwe tena kesho yake au keshokutwa. Si kila homa ni malaria, na usimeze dawa kwa kubahatisha.

Ukikutwa na malaria ya kawaida utapewa dawa mseto, ALu, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwishoni mwa mwaka 2006. Hunywewa mara 6 kwa siku 3. Dozi ya pili hufuata saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Inywe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, maana hapo ndipo mwili huipokea vizuri. Wazee wakikutajia klorokwini, waambie kwa heshima kwamba Tanzania iliacha kuitegemea kwa malaria tangu mwaka 2001, kwa sababu vijidudu vilikuwa vimeshaizoea.

Ukiona mwenzako anatapika kila kitu, amechanganyikiwa, ana degedege, anapumua kwa shida, anashindwa kukaa au kusimama, au mkojo wake umekuwa mweusi kama soda ya kola, hiyo ni malaria kali. Hapo hakuna cha vidonge vya dukani. Ni hospitali, hata kama ni saa nane usiku.

Jipime: kweli au si kweli?

Funika majibu kwa karatasi kwanza.

1. Maji ya bahari ni ya chumvi, kwa hiyo ufukweni hakuna mbu wa malaria.
2. Siku 10 zimepita tangu nirudi na sina homa. Nimeshasalimika.
3. Mbu anaweza kuniambukiza virusi vya UKIMWI.
4. Nikipata nafuu siku ya pili, naweza kumpa rafiki yangu vidonge vilivyobaki.
5. Kijana wa Arusha anaweza kuzidiwa na malaria upesi kuliko mwenyeji wa pwani.

Majibu

1. Si kweli. Pwani yetu ina anofelesi aitwaye merus, ambaye huzaliana hata kwenye maji yenye chumvi.
2. Si kweli. Endelea kuhesabu hadi siku ya 30.
3. Si kweli. Virusi vya UKIMWI haviishi wala kuzaliana ndani ya mbu. Vijidudu vya malaria ndivyo vinavyoweza.
4. Si kweli. Maliza dozi yote. Nusu dozi haiponyi wawili, inawaacha wagonjwa wote wawili.
5. Kweli, kwa sababu hana kinga ya kuzoea.

Umepata ngapi? Kama ni zote 5, poa sana. Kama ni chini ya 4, rudia somo, kisha wasomee wenzako kwenye basi kabla hamjafika Segera. Na mkigawana kazi za kambi, nani apike, nani atunze maji, nani abebe kamba, chagueni pia mmoja wa kushika kalenda. Kazi yake itaanza siku mnaporudi: kila wiki, kwa muda wa siku 30, awaulize wote mliosafiri, "Vipi, nani ana homa?"