Usalama Barabarani: Kofia Isiyofungwa Mkanda Haimlindi Mtu

Katika steji nyingi za bodaboda, kofia ya usalama huonekana ikining'inia kwenye usukani au kwenye kiwiko cha mwendeshaji. Wengine huivaa lakini mkanda wa kidevuni huachwa wazi. Pikipiki inapoanguka, kofia kama hiyo huchomoka, na kichwa hugonga lami kikiwa kitupu.

Kofia inavyofanya kazi

Ganda gumu la nje hutawanya nguvu ya kishindo. Povu zito la ndani hubonyea na kupunguza mshtuko kabla haujafika kwenye ubongo. Uchambuzi wa kimataifa uliojumlisha tafiti nyingi ulibaini kuwa kofia hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42, na ya majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Povu likishabonyea halirudi lilivyokuwa. Kwa hiyo kofia iliyowahi kupata ajali inafaa kubadilishwa, hata kama ganda halina ufa.

Kuipima kabla ya safari

• Ikae imara, isizunguke kichwa kikitikiswa.
• Mkanda ukifungwa, vidole viwili tu vipite chini ya kidevu.
• Ikisukumwa kutoka nyuma kwenda mbele, isitoke.
• Unaponunua, tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS).

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki kinataka mwendeshaji na abiria wavae kofia na jaketi yenye viakisi mwanga. Pia kinaruhusu abiria mmoja pekee.

Wajibu wa kila mmoja

Abiria wengi hukataa kofia kwa sababu ya jasho la waliotangulia au kuhofia kuharibu nywele. Leso nyepesi chini ya kofia hutatua hayo, na anayesafiri kila siku anaweza kununua yake. Mwendeshaji naye aisafishe kwa sabuni na maji, kisha aianike kivulini. Akikosa kofia ya abiria, au mkanda wake ukiwa umekatika, abiria asubiri pikipiki nyingine, hata kama safari ni ya kufika sokoni tu.

Ajali ikitokea, majeruhi asivuliwe kofia kwa nguvu, kwani shingo yake huenda imeumia. Piga simu 999 au 112.