Must, Shall, May, Should: Jifunze Kusoma Tangazo la Kiingereza



Matangazo mengi ya umma bado huandikwa kwa Kiingereza, yawe ya basari, zabuni, nafasi za kazi au vikao vya kutoa maoni. Msomaji hutafuta kwanza tarehe na kiasi cha pesa. Lakini mara nyingi, neno linaloamua kama fomu yako itapokelewa ni neno fupi linalotangulia kitenzi: "must", "shall", "may", "should" au "can". Maneno haya ni vitenzi visaidizi. Hayataji tendo lenyewe, bali hueleza kama tendo hilo ni lazima, ni ruhusa, ni ushauri au ni jambo linalowezekana tu.

Somo hili linatumia sentensi za aina unayokutana nayo kwenye fomu na ubao wa matangazo.

1. "Must" na "shall": hapa hakuna hiari

"Applicants must attach a copy of the national ID." Mwombaji ni lazima aambatishe nakala ya kitambulisho. Akiiacha, fomu yake ina kasoro hata kama sehemu nyingine zote zimejazwa sawasawa.

"Shall" wengi waliifunza shuleni kama alama ya wakati ujao baada ya "I" na "we". Katika sheria na mikataba, kwa kawaida neno hili huleta wajibu. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinalitumia kueleza kwamba bunge la kaunti lifanye shughuli zake kwa uwazi, na kwamba vikao vyake na vya kamati zake vifanyike hadharani. Kwa hivyo mkazi anayeketi kusikiliza kikao hajafanyiwa hisani. Huo ni wajibu wa bunge.

Ukiona "shall", jiulize: ni nani anayefungwa na neno hili? Wakati mwingine ni wewe, wakati mwingine ni afisi.

2. "May": neno moja, maana mbili

Linganisha sentensi hizi:

• "Applicants may submit their forms at the ward office." Waombaji wanaruhusiwa kuwasilisha fomu katika afisi ya wadi. Hii ni ruhusa.
• "Applicants may be called for an interview." Huenda waombaji wakaitwa kwa mahojiano. Hili ni jambo linaloweza kutokea au lisitokee.

Ili kutofautisha, jaribu kuweka "kuruhusiwa" mahali pa "may", kisha uweke "huenda". Maana moja itakaa vizuri kuliko nyingine.

Kuna pia "may" inayompa mwenye mamlaka nafasi ya kuamua. "The committee may award part of the fees" inasema kamati ina uwezo wa kutoa sehemu ya karo. Haisemi itatoa. Mzazi asimwahidi mwalimu mkuu pesa ambazo tangazo lenyewe halikuahidi.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaonyesha vyema tofauti ya "shall" na "may". Mwananchi akiomba habari kutoka kwa afisi ya umma, sheria inatumia "shall" kumtaka afisa aamue ombi hilo mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya siku 21. Kisha inatumia "may" kumruhusu kuongeza muda mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14, kwa mfano habari zinazotakiwa zikiwa nyingi. Siku 21 ni wajibu. Nyongeza ni ruhusa, nayo ina mpaka.

3. "Should": ushauri unaofaa kufuatwa

"Applicants should keep a copy of the form." Mwombaji anashauriwa kubaki na nakala. Kwa kawaida "should" ni laini kuliko "must". Hata hivyo, waandishi wengine wa matangazo hulitumia kwa jambo wanalolitaka hasa. Ukilikuta katika orodha ya masharti, fanya linalosemwa. Kunakili karatasi moja ni nafuu kuliko kurudishwa kutoka dirishani siku ya mwisho.

4. Tahadhari: "must not" si "si lazima"

Kosa hili huwapata wengi kwa sababu ya kutafsiri neno kwa neno. Kwa Kiswahili, "si lazima ulipe" maana yake ni kwamba una hiari. Mtu akiiandika "you must not pay", amesema jambo jingine kabisa: ni marufuku kulipa.

• "You must not pay any officer for this form." Usimlipe afisa yeyote kwa fomu hii. Ni marufuku.
• "You need not pay for this form." Si lazima ulipie fomu hii.

"Do not have to" ina maana sawa na "need not".

5. Unapoandika barua yako

Kitenzi kinachofuata visaidizi hivi hubaki katika umbo lake la msingi. Andika "she can read", wala si "she can reads". Andika "I must attend", wala si "I must to attend".

"Naomba unijulishe" ni maneno ya adabu kwa Kiswahili. Ukiyageuza kuwa "I want you to inform me", yanasikika kama amri. Tumia "could" na "would": "Could you please inform me", au "I would like to apply".

Jipime

Soma tangazo hili, kisha useme kila sentensi ni lazima, ruhusa, marufuku, hiari au jambo linalowezekana.

a) "Forms must be returned by Friday."
b) "Parents may collect the forms on behalf of students."
c) "Students need not come in person."
d) "Applicants must not submit more than one form."
e) "The date may change."

Majibu: a) lazima, b) ruhusa, c) hiari, si lazima mwanafunzi afike mwenyewe, d) marufuku, e) jambo linalowezekana, kwa hivyo endelea kuangalia ubao.

Kabla ya kutia sahihi

Chukua kalamu na uzungushie duara kila "must", "shall", "may" na "should" katika karatasi uliyopewa. Neno likikutatiza, muulize afisa akueleze kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi. Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi chini ya Kifungu cha 7 cha Katiba, na ombi la habari chini ya sheria ya 2016 unaweza kuliandika kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Kuuliza si ujinga.