Mdalasini si "Tiba ya Mtume", na si kila gome ni salama

Ukitoka msikitini baada ya Sala ya Ijumaa, hukosi kumkuta muuza dawa za asili ametandika mkeka wake, pakiti za unga wa mdalasini zimepangwa juu yake. Atakwambia kijiko kimoja pamoja na asali huponya kisukari, moyo, viungo na tumbo. Kisha, kwa kutilia nguvu, ataongeza kuwa hiyo ni "Tiba ya Mtume (s.a.w.)".

Katika mlango wa tiba wa Imam Bukhari tunakuta asali, habasoda, hijama, udi wa Kihindi na talbina. Mdalasini haumo. Hilo haliuharamishi wala haliuondolei faida, kwani asili ya vyakula ni halali. Lakini kumzulia Mtume (s.a.w.) ili biashara iende, kila Muislamu anajua uzito wake.

Tuje kwenye gome lenyewe. Sokoni ziko aina mbili. Upo mdalasini wa Ceylon, unaolimwa Sri Lanka na hata Zanzibar. Gome lake ni jembamba, limejiviringa tabaka nyingi na huvunjika kwa vidole. Aina ya pili ni kasia, inayotoka China, Vietnam na Indonesia. Hiyo ni nene, ngumu na ya bei nafuu. Vikishasagwa, jicho halitofautishi.

Tofauti ni kubwa, kwa sababu kasia ina kumarini kwa wingi, kitu ambacho kikizidi hudhuru ini kwa baadhi ya watu. Wataalamu wa Ulaya wameweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni kama gramu 2 za kasia. Kijiko cha chai kilichojaa kinaweza kupita hapo! Pilau na chai ya viungo havina neno. Tunazungumzia anayekunywa kila siku, miezi na miezi.

Na kisukari je? Mwaka 2003 utafiti wa Pakistan kwa wagonjwa 60 ulionyesha sukari ikishuka, na sifa zikaenea. Mwaka 2012 taasisi ya Cochrane ilipitia tafiti 10, haikuona ushahidi wa kutosha.

Abu Dawud amepokea hadithi kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo, hubeba dhamana ya madhara. Basi muuzaji anayemwambia mgonjwa aache insulini, ajue fidia ni juu yake. Mgonjwa naye anayemeza vidonge vya sukari, au mwenye tatizo la ini, amwambie daktari wake kabla hajafungua pakiti hiyo.