Maji ni Mchukuzi Asiyechagua Mzigo

Kila msomaji amepata kusikia kwamba maji ni uhai. Neno hilo ni kweli, lakini peke yake halituonyeshi sababu. Katika Wilaya ya Ikungi, ambako baada ya mvua za masika nchi hukauka miezi mingi, yafaa tuzijue tabia za maji barabara, maana tabia ile ile ituhuishayo yaweza pia kutudhuru.

Tabia ya kwanza ni kwamba maji huyeyusha vitu vingi na kuvichukua. Rutuba iliyomo udongoni haiwezi kuingia katika mizizi ya mtama au uwele ikiwa kavu. Hapana budi iyeyuke kwanza, ndipo maji yaipandishe katika bua hata majanini. Mwilini mwetu ni vivyo hivyo. Damu, ambayo sehemu yake kubwa ni maji, huchukua chakula kilichoyeyuka na kukigawa kila mahali, kisha huondoa taka zitokazo kwa mkojo. Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji.

Tabia ya pili ni kwamba maji huchelewa kupata moto, na huchelewa kupoa. Kwa uzito ulio sawa, maji hutaka joto mara nne au tano zaidi ya mchanga. Kwa hiyo jua kali la mchana haliupandishi mwili wetu joto upesi. Tena jasho likaukapo juu ya ngozi huondoka pamoja na joto, nasi twapoa.

Lakini mchukuzi huyu hachagui mzigo. Tazameni maziwa ya Singidani na Kindai, katika mji wa Singida. Vijito huleta humo chumvi kidogo kidogo kutoka nchi kavu. Maziwa hayana njia ya kutokea kwenda baharini. Jua huyapandisha maji na kuiacha chumvi. Ndiyo sababu yana chumvi.

Chini ya ardhi mambo ni hayo hayo. Mvua ipenyapo katika miamba huyeyusha madini, na mojawapo ni floraidi. Ikiwa kidogo huyafaa meno. Ikizidi katika maji anywayo mtoto ambaye meno yake yangali yakiumbika, meno hayo hutoka na madoa ya kahawia. Na ikizidi sana kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Madhara haya yajulikana katika Mkoa wa Singida, kama yajulikanavyo Arusha na Kilimanjaro. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja.

Walimu waweza kulionyesha jambo hili darasani. Tia kijiko cha chumvi katika bilauri ya maji, koroga, kisha chuja kwa kitambaa safi. Maji yataonekana maangavu, lakini ukiyaonja utasikia chumvi. Mimina kidogo katika sahani, uiweke juani: maji yatakwenda, chumvi itabaki. Basi maji maangavu si lazima yawe salama.

Hapa wengi hukosea. Kuchemsha maji huua vijidudu vya maradhi, na desturi hiyo isiachwe. Lakini floraidi haiondoki kwa moto; maji yapunguapo kwa mvuke, yenyewe hubaki na kuzidi katika maji yaliyosalia. Tena visima viwili vya kijiji kimoja vyaweza kutofautiana. Njia ya kujua ni kuyapima katika maabara.

Maji ya mvua hupanda juu kwa mvuke na kuacha madini yake chini, kwa hiyo huwa na floraidi kidogo mno. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Nyumba ya bati yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 5, ikipata milimita 600, hupokea lita 30,000. Hata tukiacha sehemu ya tano ipotee, zasalia lita 24,000, yaani madebe 1,200 ya lita 20.

Basi wakuu wa vijiji watake kila kisima kipya kipimwe kabla watu hawajaanza kuyanywa maji yake. Na wazazi, maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi chenye mfuniko, kisha yakachemshwa, wapewe kwanza watoto wadogo, maana meno yao hayataumbika mara ya tatu.