Dondoo muhimu: Programu ya sataranji inapotafuta hatua

Usikimbilie kuongeza kina cha utafutaji kabla msingi haujakaa sawa.

1. Hesabu kwanza mifuatano ya hatua halali tangu mwanzo wa mchezo, kina baada ya kina: lazima upate 20, kisha 400, 8,902 na 197,281. Tofauti ya 1 tu ni kosa. Kagua mfalme anapohama pamoja na ngome, na askari anapomla askari wa mpinzani njiani.
2. Tanguliza hatua za kula, hasa kete ndogo kula kubwa. Bila mpangilio huo, mbinu ya alfa-beta hukata matawi machache mno ya utafutaji.
3. Usikatize utafutaji katikati ya kulana: programu itamla askari isione malkia wake anakwenda.
4. Ongeza kina hatua kwa hatua. Muda ukiisha, tumia jibu la kina kilichokamilika.
5. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.