Kumpokea Mbwa Aliyetupwa

Katika Mithali 12:10 twafundishwa ya kuwa mtu mwenye haki huuangalia uhai wa mnyama wake. Neno hilo twalikubali upesi tukiwa na ng'ombe wa maziwa au mbuzi wa kuuza, maana faida yake twaiona kwa macho. Lakini mbwa aliyekonda, mwenye upele, anayekimbia akiona mtu, huyo ni wa nani? Mwezi huu na tujifunze habari za mbwa wa namna hiyo, na jinsi impasavyo mtu kumtendea akikubali kumwingiza nyumbani mwake.

Jambo hili si geni katika kanisa letu. Martin Luther mwenyewe alifuga mbwa huko Wittenberg, jina lake Tölpel. Siku moja mezani alimwona ameikazia macho nyama, asigeuke huku wala huku. Naye Luther akatamani aweze kumwomba Mungu kwa moyo mmoja vile vile. Tena, katika nchi ya Württemberg, Mchungaji Christian Adam Dann alitoa kijitabu mwaka 1822 cha kuwatetea wanyama wanaoteswa; na mwaka 1837 Mchungaji Albert Knapp alianzisha mjini Stuttgart chama cha kwanza cha Ujerumani cha kuwalinda wanyama. Hao walikuwa wahubiri wa Injili, wala hawakudhani ya kuwa kumhurumia mnyama kwapunguza huruma kwa wanadamu.

Na tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe. Tulimpokea mbwa jike aliyeachwa na watu waliohama. Alikuwa amefungwa kwa kamba fupi siku nyingi, hata shingo yake ikawa na kidonda. Nasi kwa furaha tukawaita watoto na majirani waje kumtazama, tukamjazia chombo ugali na maziwa. Alikula vyote mara moja, akatapika, akaharisha. Kisha akaingia chini ya ghala, asitoke. Jioni mmoja wetu akanyosha mkono amvute, naye akauma. Tukakasirika, tukasema, "Huyu hana shukrani." Lakini tulipotulia tuliona ya kuwa kosa lilikuwa letu. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sisi tuliujua mkono ule kuwa mkono wa rehema. Yeye aliujua kuwa mkono wa mtu, basi. Kwa kosa hilo tulijifunza mambo matano.

La kwanza, ni hatari ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukiisha kuonyesha dalili zake kwa mtu, karibu kila mara huua; lakini tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa, iko njia ya kuuzuia. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Asitie majivu wala pilipili, wala asingoje kwanza kuona kama mbwa ataugua. Ndivyo tulivyofanya, nasi twamshukuru Mungu. Mbwa aliyeuma, akiwa mzima, afungiwe mahali salama na kuangaliwa siku 10. Na mbwa yeyote anayepokelewa apelekwe kwa daktari wa mifugo achanjwe, apewe dawa ya minyoo, na vidonda vyake vitazamwe. Dawa ya josho la ng'ombe asipakwe kwa kukisia, maana yaweza kumdhuru, hata kumwua. Watoto nao waoshe mikono kila wamguswapo mbwa, kwa sababu ya minyoo.

La pili, ni chakula. Tumbo lililozoea njaa halistahimili karamu. Apewe kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku, kisha aongezewe pole pole. Ugali laini wenye dagaa au nyama kidogo humfaa. Maziwa mengi humharisha, na mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vikali vya kumchoma tumboni. Maji safi yawepo mchana na usiku. Akiwa amekonda mno, hata hawezi kusimama, daktari aulizwe kwanza, kwa kuwa kushibishwa ghafula kwaweza kumwua.

La tatu, ni mahali pake. Mbwa mwenye hofu ahitaji pembe moja tulivu, penye kivuli na gunia la kulalia, ambapo hapana mtu wa kumfuata. Akijificha, aachwe. Majirani wasiitwe kumtazama. Mtu mmoja amletee chakula, kwa saa zile zile, amwite kwa jina lile lile, kisha aende zake. Twaweza kudhani ya kuwa kumwacha hivyo ni kutomjali. Sivyo, ni kumpa nafasi ya kutujua. Kamba fupi isirudi tena shingoni mwake. Afadhali boma lililofungwa vema, au kamba ndefu wakati wa kutembea.

La nne, ni kuifahamu lugha ya mwili wake. Mkia ukiwa katikati ya miguu, masikio yamelala nyuma, macho yanaonyesha weupe, naye alamba midomo au apiga miayo pasipo usingizi, huyo anasema, "Naogopa." Akinguruma, anasema, "Usinikaribie zaidi." Wengi humpiga mbwa kwa kunguruma, nao hawajui ya kuwa wanamfundisha kuuma bila kuonya. Basi mtu akae chini, ampe ubavu wala si uso, asimkazie macho, atupe kipande cha chakula karibu naye, angoje. Asipeleke mkono juu ya kichwa chake. Watoto wafundishwe wasimguse alapo, wala alalapo, wala wasiachwe naye peke yao.

La tano, ni malezi. Mbwa hajui kwa nini apigwa. Ajua tu nani ampigaye. Akifanya vema, apewe kitu papo hapo, na watu wote wa nyumba watumie neno moja kwa jambo moja. Azoezwe kuachwa peke yake dakika chache kwanza, kisha zaidi, asije akadhani ameachwa tena kama zamani.

Je, muda gani? Watu waliozoea kuwapokea mbwa wa namna hii husema siku 3, majuma 3, miezi 3: siku 3 hofu ianze kupungua, majuma 3 aujue utaratibu wa nyumba, miezi 3 aone ya kuwa ni kwake. Hiyo si sheria, ni kipimo tu. Mbwa wetu alikawia. Katika juma la 7, tulipokuwa tukipukuchua mahindi uani, alitoka mwenyewe chini ya ghala, akasimama, akatutazama. Kisha akajilaza hatua tatu kutoka kwetu, akalala usingizi. Hakuna aliyesema neno. Hata leo aonapo mtu ameshika kamba hujikunyata, na pengine hofu hiyo haitamtoka kabisa. Twaichukua hivyo ilivyo.

Basi ndugu, tusimchukue mbwa kwa huruma ya siku moja. Asiye na nafasi, wala chakula, wala uvumilivu, ni heri aseme hapana, kuliko kumpokea na kumtupa mara ya pili. Bali yeye akubaliye, ajue ya kuwa wema wake utapimwa kwa kungoja kuliko kwa kutoa. Kutoa chakula tuliweza siku ya kwanza. Kungoja kulitushinda, nako ndiko alikokuhitaji.

Maswali ya kujifunza nyumbani:

1. Kutoka 23:5 yatuagiza nini juu ya punda wa mtu atuchukiaye? Je, agizo hilo lamhusu mnyama peke yake?

2. Katika mtaa wetu, mbwa wangapi hawajachanjwa, na nani awezaye kuwapeleka?

3. Je, nyumbani mwetu yuko mtu ambaye tumemnyoshea mkono kwa haraka, tukamwita mkosa shukrani kwa kuwa aliogopa?